Dada wa Phuket, Tuambie Ukweli: Hiyo Thailand Yako Wengine Imewatia Ndani

Najua mnasubiri ule ubuyu wa mastaa wawili waliorushiana maneno kwenye harusi. Huo utakuja kesho, nimeuhifadhi vizuri. Leo nina jambo limenikaa kooni.

Kuna dada mmoja, jina sitaji, maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 naijua na hela ya wakili sina. Lakini mnamjua. Alianzia kwenye filamu zetu hizi, akahamia kwenye mafuta na sabuni za kung'arisha ngozi, na sasa kila ukigeuka yuko Thailand. Mara yuko Phuket juu ya boti, mara Bangkok kwenye bwawa la kuogelea lililo juu ya ghorofa, mara kakumbatia chui milia. Sawa, kula bata ni haki yake, mimi siyo mume wake. Kinachoniuma ni yale anayoyaandika chini ya picha. Eti wadada amkeni, Thailand kazi kibao, viza siyo tatizo, njoo inboksi. Ukienda inboksi unakutana na kijana anayejiita meneja, anakutajia milioni tatu na nusu.

Niseme mapema kabla hamjanirukia: tangazo la yule kijana lilipita humu humu kwangu. Mwaka jana. Alinirushia elfu hamsini kwenye simu, nikaliweka siku tano, sikuuliza hata swali moja. Nitarudi hapo, msidhani nimekwepa.

Kwanza tuongee Thailand yenyewe. Nina dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, yuko Bangkok mwaka wa sita sasa. Alianza kama wafanyabiashara wengi wa Kariakoo, anaenda kununua nguo Pratunam na Bobae anarudi. Siku hizi ameajiriwa na kampuni ya kusafirisha mizigo, ana kibali cha kazi, na kila siku 90 anaripoti uhamiaji anaishi wapi. Akichelewa ni faini. Nyumba anayopanga nayo, mwenye nyumba anatakiwa aripoti ndani ya saa 24 kwamba kuna mgeni analala pale. Hana picha hata moja na chui milia. Wiki iliyopita nilimpigia tukaongea mpaka bando likaisha, nikanunua lingine, tukaendelea.

Kitu cha kwanza alichonichekesha nacho ni saa. Sisi tukimwambia Mzungu "saa moja usiku" anachanganyikiwa, anadhani tuna wazimu. Kumbe Mthai akiongea na wenzake saa zake za usiku zinaanza moja pale pale tunapoanzia sisi! Jioni ikishaingia wanasema moja, mbili, tatu, hadi tano, sawasawa na sisi. Dada anasema hiyo ndo siku ya kwanza alijisikia yuko nyumbani. Halafu akaenda dukani kununua maziwa, akakuta yameandikwa yataharibika mwaka 2563. Akayarudisha akidhani ni ya mashine za anga. Kumbe wao wanahesabu miaka kwa kalenda ya Buddha, wametutangulia miaka 543. Yaani 2025 yetu kwao ni 2568.

Salamu yao wanaita wai, unakutanisha viganja kifuani na kuinamisha kichwa. Mdogo ndo anaanza, mkubwa anaitikia. Si ni shikamoo hiyo jamani? Ukienda kwa mtu unavua viatu mlangoni. Kichwa cha mtu huwezi kukigusa hovyo hata kama ni mtoto, na mguu hauelekezi kwa mtu wala kwa kitu kitakatifu. Wakikuona saa ya chakula wanakuuliza kama umeshakula wali. Siyo lazima wakupe, ni namna ya kukujulia hali. Wana saladi ya papai bichi wanaitwanga kwenye kinu na mchi, pilipili ile ya kukutoa machozi. Mtu wa Tanga au Unguja akifika pale akapata wali wake, samaki wake na embe, shida yake itakuwa lugha tu. Muislamu naye hakosi pa kula, kuna mitaa ya Waislamu Bangkok miaka na miaka, na kule Sukhumvit kwenye ile mitaa ya Waarabu utakutana mpaka na Waafrika wenzako.

Neno lao la kumuita Mzungu ni farang, na ndo neno hilo hilo la tunda la pera. Kwa hiyo Mzungu akila pera wanamtania, farang anakula farang. Sisi wenye ngozi hii wakati mwingine wanatuita farang mweusi. Dada anasema kuna siku inakuuma, kuna siku unacheka. Kwenye treni mtu anaweza akaacha kiti kitupu pembeni yako na kusimama. Na madukani mafuta ya mwili yasiyong'arisha ngozi unayatafuta kwa tochi. Sasa hapo ndo nikaelewa biashara ya huyu dada yetu. Anatoka kule na mabegi ya sabuni, anakuja kutuuzia sisi kwamba weupe ndo uzuri, wakati nchi yetu yenyewe imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na hydroquinone. Lakini hayo ya sabuni tuyaache, nitakuja kuyaandikia siku yake.

Turudi kwenye video zake. Mwezi uliopita alikuwa laivu kutoka Bangkok, watu elfu kadhaa tunamwangalia, anapuliza sigara ya umeme moshi unatoka kama treni ya kati. Wadau, Thailand sigara za umeme ni marufuku kuingiza tangu 2014, na kuuza nako ni marufuku, na shisha vilevile. Watalii wanakamatwa nazo na kutozwa. Yeye kaizungusha mbele ya kamera kama kijiko cha chai. Dakika tano baadaye akamfokea mhudumu kwa sababu juisi imechelewa, akaweka miguu mezani, na nyuma yake kwenye kibanda kuna sanamu ya Buddha, nyayo zimeielekea kabisa. Yule mhudumu alitabasamu tu. Mashabiki wakaandika "malkia". Dada yangu ananiambia tabasamu lile siyo la kufurahi. Kule kumpandishia mtu sauti mbele za watu ni kujivua nguo wewe, siyo yeye. Wana neno lao, kreng jai, ile kuona haya kumsumbua mwenzio, na wanaliishi hasa. Mhudumu alikuwa anamuonea aibu.

Na bahati yake aliishia hapo. Kule saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni wimbo wa taifa unapigwa vituoni na kwenye bustani, watu wanasimama. Sinema kabla haijaanza unapigwa wa mfalme, unasimama. Mfalme ndo huchezei kabisa. Kifungu cha 112 cha sheria yao ya jinai kinasema miaka 3 hadi 15 kwa kosa moja la kumtusi mfalme, malkia au mrithi, na noti zote zina sura ya mfalme. Sasa wewe mbongo uliyezoea kukanyaga hela ukumbini ili upigwe picha, jaribu uone.

Mnaweza kuniambia hayo ni ya adabu, kila mtu na malezi yake. Haya, tuje kwenye kiwanja. Mnakumbuka alituambia kanunua kiwanja Phuket, akaonyesha mpaka eneo, mnazi na bahari nyuma? Tukampongeza humu. Mimi mwenyewe nilimpongeza. Wadau, mgeni Thailand haruhusiwi kumiliki ardhi. Anaweza kununua chumba kwenye jengo la ghorofa, na hapo wageni wote kwa pamoja hawazidishi asilimia 49 ya eneo la jengo. Njia ya ardhi ipo moja nyembamba, uwekeze baht milioni 40, upate na ruhusa ya waziri, ndo upewe kipande kisichozidi rai moja, yaani mita za mraba 1,600. Baht moja inacheza shilingi 70 hadi 80, pigeni hesabu wenyewe. Hiyo ni karibu bilioni tatu. Dada ambaye bado anadaiwa kodi ya duka Sinza, bilioni tatu kazitoa wapi? Akitaka kunijibu aje na hati, mimi nitaiweka humu ukurasa wa mbele na kuomba radhi kwa herufi kubwa.

Sawa, kiwanja hewa hakijamuua mtu. Kazi hewa ndo zinaua.

Sikilizeni kwa makini hapa, maana kazi wanazowaambia ni tatu nne zile zile. Ya kwanza ni saluni, kusuka nywele, eti Waafrika wako wengi Bangkok na wasusi hakuna. Wateja wapo kweli. Lakini Thailand ina orodha ya kazi ambazo mgeni haruhusiwi kufanya, na kutengeneza nywele na urembo imo. Kuuza duka au kutembeza bidhaa barabarani imo. Udereva umo, uongozaji watalii umo, masaji ya Kithai imo. Mpaka kukata na kung'arisha vito imo, kwa hiyo hata nyie ndugu zangu wa Mererani na Tunduru mnaopeleka mawe Chanthaburi, kuuza jiwe ni habari nyingine, ukikaa kwenye mashine ukakata umeshavunja sheria. Hakuna meneja wa inboksi anayeweza kukupatia kibali cha kusuka, kwa sababu kibali hicho hakipo.

Ya pili ni ualimu wa Kiingereza. Hii ipo, na kuna Waafrika wanaifanya vizuri tu. Ila wanataka shahada ya chuo, na kama unatoka nchi isiyohesabiwa ya wazungumzaji wa Kiingereza wanataka na cheti cha mtihani wa lugha. Mimi wa kidato cha nne nisidanganywe, na wewe wa kidato cha nne usidanganywe. Wakikuambia wanakutengenezea shahada, wanakutengenezea kesi.

Ya tatu inaitwa "huduma kwa wateja", kuchati kwenye kompyuta, mshahara wa dola, chakula na malazi bure. Hii jamani, hii! Unapokelewa uwanja wa Suvarnabhumi na gari zuri, mnaondoka Bangkok, mnasafiri saa saba au nane kwenda magharibi mpaka Mae Sot, mnavushwa mto Moei usiku, na hapo hamko Thailand tena, mko Myanmar kwenye makambi yenye kuta na bunduki. Kazi yenyewe ni kutapeli watu duniani kwa mapenzi ya uongo na uwekezaji wa uongo. Usipofikisha kiwango unapigwa, ukitaka kuondoka unadaiwa maelfu ya dola. Mwaka 2022 serikali ya Kenya ilishatoa tahadhari na kurudisha watu wake. Februari 2025 Thailand ilikata umeme upande ule wa Myawaddy, na watu zaidi ya 7,000 wakatolewa makambini, Wakenya, Waganda, Waethiopia wakiwemo. Wote walipita uwanja wa ndege wakiwa na tabasamu na picha ya begi jipya. Na wote kuna mtu aliwaambia njoo inboksi.

Hapo ndo narudi kwenye elfu hamsini yangu.

Kuna binti wa Mbagala, msomaji wa humu tangu naanza. Aliliona lile tangazo kwangu, akanitumia meseji: "Hawa ni wa uhakika?" Nilimjibu maneno mawili, "Wako vizuri." Nilikuwa nakula chipsi, nakumbuka mpaka leo. Mama yake akauza kipande cha shamba Mkuranga, wakatimiza ile milioni tatu na nusu. Binti akaondoka kwa viza ya utalii ya siku 60, akafikia kwenye chumba wanalala sita, wakachukua pasipoti "kwa ajili ya kushughulikia kibali". Akasuka nywele miezi minne. Hela anaambiwa inakatwa deni la tiketi, tiketi ambayo alishailipia huku.

Siku 60 zilipoisha hakuambiwa kitu. Kule kuzidisha siku ni baht 500 kila siku mpaka ifike 20,000, hiyo ni kama milioni na nusu. Ukijipeleka mwenyewe uwanjani unalipa unaondoka, na kama hujazidisha siku 90 hufungiwi. Ukikamatwa, hata kama umezidisha wiki tu, unafungiwa kuingia miaka 5. Yeye alikamatwa, polisi waliingia saluni. Meneja simu haipokei. Akakaa mahabusu ya uhamiaji wiki tano, kwa sababu mtu akishahukumiwa kuondolewa anasubiri hapo mpaka tiketi ipatikane, na tiketi ananunua mwenyewe au ndugu. Ubalozi wetu unaoshughulikia Thailand uko Kuala Lumpur, nchi nyingine kabisa, kwa hiyo usitegemee mtu wa kukukimbilia kwa bajaji. Dada yangu ndo alienda kumuona, akampelekea sabuni, pedi na vocha. Mama yake aliuza cherehani mbili ndo tiketi ikapatikana.

Nilipomwandikia staa wetu nikamwelezea yote haya, alinijibu kwa mstari mmoja kwamba kila mtu na bahati yake, halafu akanifungia.

Najua mnachotaka kusema. Wivu. Mimi sina hela ya kwenda hata Kenya kwa basi ndo maana namsema. Ni kweli sina. Na najua kuna wengine mtaniambia "mbona shangazi yangu yuko kule na kajenga?" Hongera zake, muulize shangazi ana viza ya aina gani na nani aliomba kibali chake, utakuta ni mwajiri wake na karatasi zake zote zimenyooka. Kuna Watanzania wanaenda Bangkok kununua mzigo tangu hatujazaliwa baadhi yetu, wanaenda wanarudi, wamesomesha watoto. Hao huwaoni wanatafuta wadada wa inboksi, hawana muda. Hasira zangu zote ni kwa mtu anayekodisha sura yake ili tapeli aaminike, halafu mambo yakiharibika anakuwa yeye ni msanii tu, hahusiki.

Kwa mwenye safari yake ya halali, haya dada kaniambia niwaandikie. Viza unaomba mtandaoni kwenye tovuti ya serikali ya Thailand, na ubalozi wao unaotuhudumia uko Nairobi. Huhitaji meneja. Kadi ya homa ya manjano uwe nayo, sisi wa ukanda huu wanatudai. Tangu Mei 2025 kuna fomu ya kuingia unajaza kwenye simu ndani ya siku tatu kabla ya kufika, ni bure kabisa, anayekutoza hata elfu kumi ni mwizi. Pasipoti hapewi mtu akae nayo, hata aje na suti. Na mkoba wa mtu usiubebe, kabisa kabisa, dawa za kulevya kule adhabu inafika kifo.

Aah, na karata. Msiende na karata nyingi za kucheza likizo, wana sheria ya 1935, zikizidi 120 bila kibali ni kosa. Nilicheka mpaka basi.

Jumamosi nilienda Mbagala. Binti hakutaka kutoka chumbani, sikumlazimisha. Mama yake nikamsalimia shikamoo, nikamwambia nimeleta ile elfu hamsini niliyolipwa kwenye tangazo. Akaiangalia, akaikunja, akanirudishia mkononi. "Mwanangu, wewe sikudai. Ninayemdai nimemuona jana kwenye simu ya jirani, yuko Dubai anakula kamba."

Dada wa Phuket, huyo mama ana namba yako. Atakupigia leo jioni saa mbili. Pokea.